Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: Kipimo kikae huku inakoamuliwa safari ya boti

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Kwa uongozi wa Mkoa wa Kigoma.

Yah: Kipimo cha laktati na CRP katika vituo vya afya vya mwambao wa Ziwa Tanganyika

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka mwambao wa kusini wa ziwa, wilaya ya Uvinza. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya ambacho masika gari hukifikia kwa taabu, na mgonjwa wa rufaa kwenda Maweni, hospitali ya mkoa, tunamsafirisha kwa maji. Nina miaka 11 kwenye darubini ile ile, dirisha likitazama ziwa.

Ndani ya droo yangu kuna mashine ndogo, inaenea kiganjani, inafanana na ile ya kupimia sukari. Inapima laktati kwenye damu, kitu kinachoongezeka mwili unapozidiwa. Waliiacha wageni waliokuja kutufundisha kwa siku chache, pamoja na maboksi mawili ya stripu, kila boksi stripu 25. Tulizitumia kwa ubahili miezi 7, zikaisha. Tangu siku hiyo mashine imelala. Nawaandikia kwa sababu ya stripu 50 zile, na kwa sababu ya watoto wawili.

Kwanza naomba mwelewe usiku wa huku ulivyo. Mtoto akiletwa na homa kali saa saba au saa nane usiku, swali la jina la ugonjwa huwa halikawii. Tuna kipimo cha haraka cha malaria, dakika 15 tumeshapata jibu. Swali linalotutoa jasho ni jingine, na muuguzi huwa ananiuliza akiwa amesimama mlangoni mwa maabara na tochi mkononi: "Dokta, tumpandishe botini usiku huu, au tungoje kukuche?" Boti maana yake ni kumwamsha mwenye chombo, kutafuta petroli, baba kukopa kwa wenye dagaa, na mama kukaa saa nyingi juu ya maji gizani na mtoto aliyetundikiwa dripu iliyofungwa kwenye mti wa tanga. Upepo ukichafuka, hakuna pa kujificha. Tukiwapandisha wote wenye homa, tutazifilisi kaya na tutawapeleka ziwani watoto ambao wangepona kitandani kwetu. Tukingoja na wote, asubuhi wengine hawafiki.

Mtoto wa kwanza alikuwa binti wa miaka 4. Homa siku ya tatu, malaria ipo. Alikuwa ameketi mwenyewe, ameomba maji, anamtazama kila anayeingia. Pumzi zilikuwa za haraka kidogo, lakini mtoto mwenye homa hupumua haraka. Siku nyingine yoyote tungemchoma sindano ya malaria, artesuneti, tukamlaza. Mganga mfawidhi akasema, tumia stripu. Ilikuwa ya 31. Ikasoma 7.4. Nilidhani nimekikamua kidole, maana ukikikamua damu huchanganyika na majimaji ya nyama na jibu hupotoka. Nikahamia mkono wa pili, nikafuta tone la kwanza, nikapima tena: 7.1. Mtu mwenye afya aliyetulia hukaa chini ya 2. Mwenye boti aliamshwa, antibayotiki ya seftriaksoni ikaingia kabla hawajaondoka, na mganga akapiga simu mkoani kueleza nani anakuja na amesoma ngapi. Siku ya 12 binti alirudi kijijini anatembea. Kilichomponya ni dawa, na damu aliyoongezewa kule. Stripu ilitupa ujasiri wa kumwamsha mzee mwenye boti saa nane usiku.

Mtoto wa pili alikuwa wa kiume, miaka 2, na stripu zilikuwa zimeisha wiki tatu nyuma. Malaria ipo. Ananyonya. Ana homa lakini analia kwa nguvu, na sisi kilio cha nguvu hutufariji. Tulimchoma artesuneti, tukakubaliana tungoje. Saa kumi alfajiri pumzi zilibadilika, zikawa ndefu na nzito, zile ambazo muuguzi akizisikia hahitaji kuambiwa. Kulipopambazuka boti iliondoka. Haikufika saa tatu asubuhi ikawa imerudi.

Baba yake alinijia mchana. Hakuwa na hasira. Aliniambia, "Yule binti mlimtoboa kidole mkaona namba, mkamkimbiza. Wangu mbona hamkumpima?" Nilivuta droo nikamwonyesha boksi tupu. Sikuwa na kitu kingine cha kumwonyesha.

Siwezi kuapa kwamba mtoto yule naye angesoma 7. Pengine angesoma 3 tukangoja vile vile. Watoto wawili si utafiti, na ninyi mna wataalamu watakaoniambia hivyo kabla sijamaliza sentensi. Kwa hiyo niruhusuni nitoke kituoni kwangu, niende kwenye yale yaliyopimwa na kuandikwa, mengi yakiwa yamefanyika hapa hapa nchini.

Mkoa wetu ni wa malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliwakuta watoto 24 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano Kigoma wakiwa na vimelea, wakati kitaifa walikuwa kama 7. Tafakarini maana yake kwenye meza yangu. Mwaka ule ningewaita watoto wanaocheza ufukweni, wazima kabisa, nikawatoboa vidole, karibu mmoja katika wanne angetoa mistari miwili, alama kwamba malaria ipo. Tena kipimo chenyewe hunasa protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo mistari miwili inaniambia malaria imo mwilini. Hainiambii kama ndiyo inayomuua usiku huu. Hatari ni kwamba mistari miwili huwapumzisha watu. Mama anapumua, muuguzi anapumua, hata mimi napumua. Jina limepatikana, na hakuna anayeendelea kutafuta.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Slaidi zao ziliposomwa kwa makini, wenye vimelea walikuwa asilimia 46 tu. Na wale wasio na vimelea, waliokuwa wakitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao, walikufa zaidi: 12 katika kila 100, dhidi ya 7 kwa wenye vimelea. Mwaka 2013 Moshi nao walichapisha yao. Katika wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, asilimia 61 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli hawakufika hata 2 katika 100. Najua Moshi si Uvinza. Huku malaria ni nyingi kweli kweli. Lakini wingi huo ndio unaoficha maambukizi ya bakteria nyuma yake, na kuna bakteria wengine, kama salmonela isiyo ya taifodi, ambao hupenda kumwingia mtoto aliyekwisha kupungukiwa damu kwa malaria. Muhimbili, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, watoto waliokutwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu walikufa asilimia 43.5, wa malaria walikufa asilimia 20.2.

Mtaniuliza, kwa nini damu isioteshwe, bakteria wakaonekana kwa macho? Kuotesha damu kunataka chupa maalumu, jokofu joto lisilozimika, mtu aliyesomea, na siku mbili hadi tano za kungoja. Ni kipimo kizuri na hospitali zetu kubwa zinakihitaji sana, hasa sasa bakteria wanapozizoea dawa. Lakini kwa mtoto aliyefika saa nane usiku, jibu la kuoteshwa humkuta ameshapona au ameshazikwa.

Hapa ndipo vinapoingia viashiria vya damu, au bayomaka kama wasemavyo wenzetu wa utafiti. Watu wa huku husema sumu imeingia kwenye damu. Kitabuni huitwa sepsisi. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa dunia wameifafanua kuwa ni hali ya viungo kuanza kushindwa kazi kwa sababu mwili umeyajibu maambukizi kwa namna iliyopita mipaka. Mwaka 2017 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zishughulike nayo. Hesabu ya mwaka huo huo wa 2017, iliyokuja kuchapishwa mwaka 2020, ilikadiria wagonjwa milioni 48.9 duniani na vifo milioni 11, mzigo mkubwa ukiwa kwetu Afrika kusini mwa Sahara, na kati ya wagonjwa hao karibu nusu ni watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa kuwa madhara yanatokana na jinsi mwili unavyojibu, ukiyapima majibu hayo utajua mambo yamefika wapi hata kama hujamjua mdudu. Ni kama kuikuta nyumba imevunjwa usiku: kabla hujamjua mwizi, unaweza kuona ni mlango tu umeng'olewa au na paa limekwenda.

Laktati ndiyo niijuayo kwa mikono yangu. Damu isipofika vizuri kwenye nyama, chembe hukosa oksijeni, zikachoma sukari kwa njia ya mkato na kuacha laktati. Mwili uliotishika nao huizalisha zaidi, na ini lililochoka hushindwa kuiondoa. Kwenye malaria kali vimelea wenyewe huitoa, na huziba mishipa midogo. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa hainiambii kama ni malaria au ni bakteria. Inaniambia mtoto huyu yumo hatarini, kwa sababu yoyote iwayo, na hilo ndilo swali la boti. Shirika la Afya Duniani limeiweka laktati ya 5 na kuendelea kuwa mojawapo ya alama za malaria kali. Shirika hilo hilo linaelekeza mtoto mwenye malaria kali apewe na antibayotiki pamoja na dawa ya malaria. Mnaona tulivyobanwa: mwongozo unatuambia la kumfanyia mtoto mwenye malaria kali, lakini mojawapo ya rula za kumtambua hatunayo.

Kuna jambo moja la laktati ambalo watu wa ofisini hulipita, nami naomba mlishike. Damu ikishaingia kwenye mrija wa kawaida, chembe nyekundu huendelea kula sukari na kutoa laktati humo humo mrijani. Ikikaa, namba hupanda yenyewe. Ipo mirija ya kifuniko cha kijivu yenye dawa ya kuzuia hilo, na barafu husaidia, lakini huku barafu ni ya samaki na nayo haitoshi. Kwa hiyo haiwezekani nikachukua damu hapa nikaipeleka mkoani kwa boti ikapimwe. Itakayofika itazungumzia safari ya mrija. Kipimo hiki kikae pembeni ya mgonjwa, kwa tone la kidoleni, jibu lipatikane ndani ya dakika moja. Hospitali kubwa ikiwa nayo ni vizuri, lakini mgonjwa akishafika hospitali kubwa uamuzi mgumu kuliko yote umeshafanyika, umefanyika kwetu, gizani, kwa kukisia.

Nayo ina udhaifu wake. Mtoto aliyetoka kwenye degedege sasa hivi atasoma juu kwa sababu misuli imefanya kazi, kisha itashuka. Lazima apimwe tena baada ya muda. Stripu hazipendi joto, nyingi hutakiwa zikae chini ya nyuzi 30, na chumba changu mwezi wa tisa hupita hapo. Na namba ya chini haitoi ruhusa ya kulala: yupo anayeanza na 2 akaamka na 6. Ndiyo maana wakati ule tulikuwa tukijibana tupime mara mbili, jioni na usiku, na ndiyo maana stripu 50 ziliisha haraka vile.

CRP ni hadithi nyingine. Ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Iligunduliwa mwaka 1930, basi si kitu kipya. Huchukua saa sita hadi nane kuanza kupanda na hufika kilele kama siku ya pili, kwa hiyo anayeletwa mapema anaweza kusoma chini na bado akawa mgonjwa sana. Na malaria nayo huipandisha. Ningewadanganya nikisema itatutenganishia malaria na bakteria huku Kigoma kwa mtoto mwenye mistari miwili. Faida yake kwetu ni mbili. Ya kwanza ni kwa wale ambao malaria haipo, wanaopewa antibayotiki zote kwa sababu hakuna anayethubutu kuwanyima, au wanaoambiwa wana taifodi kwa kipimo cha Widal ambacho damu ya mtu mzima wa huku inaweza kukijibu ndiyo kwa ugonjwa wa miaka iliyopita. Faida ya pili ni kwa aliyelazwa: maambukizi yakishikwa, CRP hushuka kwa nusu kwa muda usiofika siku moja. Ikiwa siku ya tatu bado iko juu, dawa haifanyi kazi au kuna usaha mahali, na mama aliyejifungua juzi akiwa na homa ndiye mtu wa kwanza ningempima hivyo.

Prokalsitonini, kiashiria kingine cha damu, najua mtaletewa na wauzaji, kwa hiyo niiseme. Ilianza kuhusishwa na maambukizi makali ya bakteria mwaka 1993, kwenye utafiti wa Ufaransa. Hupanda mapema kuliko CRP na huelekea zaidi upande wa bakteria, ingawa malaria kali nayo huigusa, na kwa mtoto mchanga hupanda yenyewe siku mbili za mwanzo bila ugonjwa wowote. Miongozo ya kimataifa ya sepsisi ya mwaka 2021 inashauri isitumiwe kuamua kuanza antibayotiki. Inafaa kusaidia kuamua lini ziachwe. Kwenye orodha ya vipimo muhimu ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuitoa mwaka 2018, imewekwa kwa ajili ya hospitali za ngazi ya juu. Ni sawa hivyo. Tafadhali msituletee mashine ya prokalsitonini mwambaoni ili ipigwe picha siku ya uzinduzi. Kuna na protini nyingine, kama sTREM-1, ambazo watafiti wa Uganda na wa Dar es Salaam wamezichunguza na zimeonyesha uwezo mzuri wa kutabiri nani atazidiwa. Siku zitakapokuwa stripu ya kidoleni, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Kwamba jambo hili linawezekana Tanzania si ndoto yangu. Dar es Salaam kulifanyika utafiti kwa watoto wapatao 3,200 wenye homa katika kliniki za kawaida, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wahudumu walishika kompyuta bapa iliyowaongoza hatua kwa hatua, na kando yake vipimo vya papo hapo: CRP, prokalsitonini, wingi wa damu, sukari, oksijeni. Watoto waliopewa antibayotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5, wakati kundi lililoongozwa na mwongozo usio na vipimo hivyo walikuwa 29.7. Na hawakuumia kwa kunyimwa: ambao matibabu yalishindwa walikuwa asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. Dawa pungufu, na kupona zaidi. Nilipoyasoma haya nilifurahi, kisha nikaumia. Walipimwa watoto ambao hospitali kubwa iko safari ya daladala. Thamani ya kutabiri hukua kadiri umbali unavyokua. Mwenye hospitali jirani akikosea usiku, hurekebisha asubuhi. Mwenye ziwa mbele yake hana asubuhi hiyo.

Nategemea pingamizi la fedha. Sitaki kuwatajia bei ambayo itakuwa imebadilika kabla barua haijasomwa. Ninachojua ni kwamba mafuta ya boti kwa safari moja ya mgonjwa ambaye hakuhitaji kwenda, au saruji ya kaburi la aliyehitaji, mwambao unavilipia tayari, kila mwezi, kutoka mifukoni mwa wavuvi. Havionekani kwenye bajeti yenu kwa sababu haviandikwi popote. Pingamizi la mashine kuharibika nalo nalielewa. Lakini mashine yangu ni nzima hadi leo. Kilichokufa ni ugavi. Kila zawadi ya wageni huishia hivi hivi, na ndiyo sababu siombi zawadi. Naomba laktati iwe na mstari wake kwenye oda ya kawaida ya vitendanishi, kama ulivyo mstari wa kipimo cha malaria, kuanzia vituo vya Uvinza na vya halmashauri ya Kigoma ambavyo rufaa yao ni kwa maji, na CRP ya stripu ifuate.

Lipo pingamizi zito zaidi, na mimi mwenyewe hulitilia maanani. Namba ikitolewa bila mwongozo, inaweza kuua. Mtu ataona 6 akafungulia dripu hadi mwisho, kama inavyofanywa Ulaya. Watoto wetu walishalipa gharama ya somo hilo. Utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, ukachapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji haraka mishipani walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu 11 katika 100, dhidi ya 7 kwa wasiomiminiwa. Lusaka nako, kwa watu wazima, matokeo ya mwaka 2017 yalifanana: asilimia 48 dhidi ya 33. Kwa hiyo tunahitaji karatasi moja, Kiswahili, iliyoandikwa na madaktari wetu wanaojua malaria, utapiamlo na upungufu wa damu wa huku, iseme namba hii ikitokea anza dawa hizi, mwongeze damu huyu, usimmwagie maji yule, mpigie simu fulani. Ibandikwe ukutani juu ya mashine. Na iseme kwa maandishi makubwa kwamba kabla ya mashine kuna macho na mikono: hesabu pumzi, bonyeza ukucha uone damu inarudi baada ya sekunde ngapi, mtazame kama anaweza kunyonya. Mwaka 2019 utafiti mmoja wa hospitali za Amerika Kusini uliwafuata watu wazima wenye mshtuko wa sepsisi. Waliotibiwa kwa kuangalia jinsi damu inavyorudi kidoleni hawakufanya vibaya kuliko waliotibiwa kwa kufuata laktati. Basi wauguzi wafundishwe kubonyeza kidole, tena kesho. Lakini nimewahi kuishika tochi ile usiku, mtoto ana baridi, mkono umepauka kwa homa, watu watatu tukahesabu sekunde tatu tofauti. Namba tuliisoma wote sawa.

Nina mawili ya mwisho. Mfumo wa m-mama umetuonyesha kwamba ukipiga 115, chombo kinaweza kutafutwa na kulipwa kwa ajili ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, bila baba kwenda kukopa. Mtoto wa miaka 2 mwenye laktati ya 7 yuko nje ya mlango huo. Mfungulieni. Pili, tunapompeleka mgonjwa mkoani mara nyingi hatujui yaliyompata mpaka ndugu zake warudi kuvua. Kila mgonjwa aandikiwe namba aliyoondoka nayo, na hospitali iturudishie neno moja tu: amepona, amefariki, alikuwa na nini. Tukikusanya miaka miwili tutakuwa na vipimo vya Kigoma vyenyewe, tutajua kama kwetu mstari wa hatari ni 4 au 5 au 6, badala ya kuazima mistari ya watu wasio na malaria.

Mwezi huu tunajaza oda ya vitendanishi. Fomu tunayotumia hapa haina nafasi ya laktati, kwa hiyo nimeiandika kwa kalamu chini kabisa, pembeni ya sahihi ya mganga mfawidhi: stripu za laktati, maboksi 8. Namwomba atakayeipokea fomu hiyo, popote itakapopitia, asiikate.

Wasalaam,

Mtaalamu wa maabara,
kituo cha afya cha mwambao wa kusini,
Wilaya ya Uvinza, Kigoma.